Veranda Yetu na Mchoro wa Mkwe Wangu

Alhamisi jioni, Kitale. Manyunyu tangu mchana, ile mvua isiyokunyeshea vizuri wala kukuacha ukauke. Nimevua viatu, nimejifunga leso mbili, chai iko mkononi na hasira iko kooni. Sijui nimeze gani kwanza.

Wacha nianze na hasira, chai itangoja.

Jumamosi nilikuwa Mabanga, hapo karibu na Bungoma, kwa sherehe ya binamu yangu. Nilivaa suti ya kitenge niliyojishonea mwenyewe, mabega yamesimama, kiuno kimekaa, na watu walikuwa wanageuka kuangalia, sidanganyi. Mama mmoja akaniuliza kama nimeinunua Nairobi. Nikamwambia hapana mama, hiyo imetoka Kitale, kwa huu mkono unaouona. Akaweka sahani chini.

"Kitale? Ati Kitale ile ya matope? Si ukishuka steji wanakutoa simu na viatu?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akashika pua, kama vile mtaro wetu umenifuata mpaka kwa kuku yake.

Nilimjibu. Nilimwuliza huo ugali anaokula anajua mahindi yake yametoka shamba la nani. Nilimwambia watoto wa Kitale wako kila mahali, wengine wanamdunga sindano hapo Bungoma bila yeye kujua walikozaliwa. Hapo nilikuwa namaanisha Nekesa wangu, ambaye ni nesi, na si nesi wa kubahatisha. Huyo msichana alikuwa anafunga mdoli bandeji akiwa hajui kufunga kamba za viatu vyake.

Niliongea mpaka yule mama akaomba maji.

Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilinyamaza, kwa sababu ninajua. Mji wetu una jina baya, na sehemu ya hilo jina tumelitafuta sisi wenyewe.

Mimi nashonea kwa veranda ya yale maduka ya zamani, katikati kabisa, yenye nguzo nene na mabati mekundu. Yalikuwa mekundu ya rangi, siku hizi ni mekundu ya kutu. Mbele yetu kuna mtaro umejaa chupa za plastiki na maganda ya ndizi, na mvua ikinyesha maji yanapanda ngazi kuja kutusalimia. Mteja anayetaka kupimwa sare ya mtoto anaruka mawe kama mbuzi. Taa za barabara zimekufa, kwa hivyo giza likikaribia tunafunika mashine na kukimbia, na wanaobaki hapo baada yetu si watu wa kushona.

Nekesa tangu amzae Simiyu hajawahi kumleta aone mahali nyanya yake anafanya kazi. "Mama, tutakuona nyumbani," huwa anasema. "Hapo katikati na mtoto, hapana."

Hapo katikati. Hapo ndipo karo yake ilitoka, shati kwa shati, marinda kwa marinda. Na sasa ni mahali hawezi kukanyaga na mtoto. Sijawahi kumwambia vile hilo neno huniuma. Namwambia hapa.

Kwa hivyo waliposema katikati ya mji itatengenezwa upya, mtaro ufunikwe, taa ziwekwe, majengo yapakwe rangi, mimi ndiye nilipiga kigelegele cha kwanza. Halafu Nekesa akanipigia simu kuniambia kampuni iliyopewa kazi ya kuchora ni ile ya Bungoma, anayofanya kazi bwanake. Na mwenye kushika kalamu ni bwanake.

Jamani.

Kama kuna mtu Kitale hii hakusikia kutoka kwangu kwamba mji wote unachorwa na mkwe wangu, huyo mtu alikuwa amesafiri. Niliwaambia wateja. Niliwaambia kina mama wa mboga. Nilimwambia kijana wa duka la simu lililo nyuma yetu, ambaye hata hakuwa ameniuliza. Nilikuwa napima mtu kiuno huku namwambia, "Unajua hii barabara ni ya nani? Kalamu iko kwetu."

Iko kwetu. Ndiyo maneno niliyotumia.

Wiki iliyopita wakabandika mchoro ukutani pale sokoni tuutazame. Ni mzuri, siwezi kusema uongo. Miti imepangwa, kuna viti vya kupumzika, taa zina shingo ndefu kama korongo. Kuna hata mama amechorwa akisukuma mtoto kwa kigari, sijui huyo ni mama wa wapi, lakini ni mzuri.

Veranda ilikuwa tupu.

Hakuna mashine hata moja. Hakuna fundi. Nguzo zimepakwa rangi nyeupe na watu wanapita katikati wakitabasamu. Mafundi tumeandikiwa kwenda juu, ghorofa ya mwisho ya soko jipya. Sasa mtu zipu imemtoka akienda kazini, atapanda ngazi ngapi huku ameshika suruali? Sisi tunaishi na mtu anayepita. Akituona, anakumbuka mtoto hana sare. Asipotuona, anakumbuka kuna duka la nguo za tayari.

Mafundi wote walinigeukia. Barasa, anayeshona suruali za wanaume na kuongea kama redio, akasema, "Mama Nekesa, hii yako. Kijana ni wako. Mwambie tu." Mama Swaleh naye, jirani yangu wa mashine, anayeshona kanzu na buibui na kuishi nyuma ya msikiti, akaniangalia kwa jicho moja. Huyo amekaa kwa ile veranda miaka mingi kuliko mimi. Akaniuliza, "Una hakika, dada?"

Nikamwambia aniachie mimi. Nitamkalisha chini.

Sasa wewe unayesoma na hutoki kwetu, hapa lazima nikueleze, la sivyo utanicheka bure. Kwetu Wabukusu mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Hatusalimiani kwa mkono, hatukai chumba kimoja, hatuli meza moja. Jina lake silitaji, ndiyo maana hapa utaniona namwita Baba Simiyu. Tukikutana kwa njia, mmoja anatoka kando ajifiche mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, tena nzito. Kuna siku wazee huifungua kwa zawadi na chakula, lakini sisi yetu bado. Kwa hivyo tangu wamchukue Nekesa, mimi nimemjua kijana kwa mgongo tu. Ni mgongo mzuri, umenyooka.

Utaniuliza, sasa mtu ambaye huwezi kumtazama ulikuwa unamkalisha chini namna gani?

Hata mimi nimejiuliza leo mchana kutwa. Nilidhani wenye mchoro watamtuma mkubwa fulani mwenye tai, na mimi nitaongea na huyo tai, halafu maneno yafike kwa kijana yakiwa yamepoa. Na wale mafundi wengine, nusu yao ni Wabukusu kama mimi, hakuna hata mmoja alikumbuka. Mji mzima wa kuchagua msemaji, tukachagua mtu mmoja tu ambaye hawezi kusema na yule anayehusika.

Kikao cha kutoa maoni kuhusu mchoro kilikuwa leo, kwa ukumbi ulio karibu na soko. Nilikaa mbele, na ile suti ya kitenge. Mwenyekiti alikuwa madamu mmoja, mgeni hapa kwetu, mpole, ana karatasi zake. Wakaniita. Nikasimama, nikataja jina, nikasema nazungumza kwa niaba ya mafundi wa veranda, na ukumbi ukatulia, maana mimi nikiongea watu hutulia.

Mlango ukafunguka.

Niliona viatu kwanza. Halafu makaratasi yaliyoviringishwa, mengi, ameyabana kwapani. Sikungoja kuona uso. Nikavuta leso kichwani nikageukia ukuta. Yeye naye alikuwa ameniona, nikasikia makaratasi yanaanguka, viatu vinarudi nyuma, mlango umefungwa. Kijana wa watu amekimbilia mvua.

Madamu akashangaa. "Samahani, kuna nini? Nyinyi mna kesi?"

"Hakuna kesi, madam," mzee mmoja akasema kutoka nyuma. "Huyo ni mama mkwe wake."

"Sasa mama mkwe ndiye wa kukimbiwa?"

Ukumbi ulicheka, nami nikiwa naangalia ukuta. Barasa akaninong'onezea, "Mama Nekesa, si ulisema utamkalisha chini? Mbona ni wewe umekalishwa?"

Wazee wakapanga. Mimi nikaingizwa jikoni, kule kuna dirisha la kupitishia sahani, wakateremsha kile kifuniko kikabaki mwanya. Baba Simiyu akarudishwa ndani, akasimama akiangalia ubao. Mama Swaleh akawekwa katikati abebe maneno. Madamu akasema yeye hajawahi kuona hivyo lakini ataandika.

Nikaanza. "Mwambie mchoro ni mzuri, lakini umetusahau."

Mama Swaleh akapaza sauti. "Mama mkwe wako anasema mchoro umemkera."

"Sikusema hivyo!"

"Ndiyo maana yake, dada. Endelea."

"Mwambieni mama nimesikia," kijana akasema. Sauti yake nayo ni nzuri, ya mtu aliyelelewa.

Tukaendelea hivyo. Nikasema kinachonuka ni mtaro, mafundi hatunuki. Nikasema mji unaotaka watu wa heshima waje katikati hauwezi kuwafukuza waliobaki hapo wakati kila mtu amekimbia. Mama Swaleh akaongeza yake kuhusu ngazi na magoti, ambayo mimi sikuwa nimesema, lakini ilikuwa nzuri nikaiacha. Nilichungulia kwa mwanya, nikaona madamu anaandika, anaandika. Moyo ukaniambia, Mama Nekesa, umeshinda hata ukiwa jikoni.

Halafu yule kijana wa duka la simu akainua mkono.

"Madam, mimi swali tu. Huyu mama ametuambia wiki nzima kalamu iko kwao. Sasa hapa tunafanya nini? Si waende wamalizie nyumbani?"

Watu wakanguruma.

"Hiyo ni kujuana!" mwingine akasema.

"Na sisi wa mboga tunahamishwa pia," mama mmoja akadakia, na sauti yake ninaijua, huniuzia sukuma wiki kila siku. "Sisi mkwe tutamtoa wapi? Mama Nekesa, utuazime?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo linaniuma. Alisema kwa kucheka, kama mtu aliyezoea.

Nilitaka kutoka niwajibu, nikashika mlango, nikakumbuka nani amesimama upande ule. Nikabaki hapo na mkono kwa komeo. Mimi, Mama Nekesa, ambaye nimewahi kunyamazisha askari wa soko na rungu lake mkononi, sikuwa na namna ya kufungua mdomo.

Madamu akaweka kalamu chini. Akasema ikiwa msemaji ana undugu na mchoraji, maoni yake hawezi kuyahesabu kama ya mafundi. Akasema maoni mengine yatapokelewa mpaka Jumatatu, halafu mchoro unafungwa. Nikasikia viti vinasogezwa. Hakuna mtu alikuja jikoni kuniambia kikao kimekwisha.

Mama Swaleh ndiye alinipata, baadaye. Hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Alisema tu, "Twende, dada, mvua inaongezeka," akanishika mkono turuke mtaro.

Nimefika hapa nyumbani, Nekesa akapiga.

"Mama, Baba Simiyu amerudi, ameketi tu. Chai hataki."

Nikamwambia aniombee msamaha kwake, sikujua atakuja.

"Mama, kwani hukuona alikuwa amebeba makaratasi mengi?"

"Niliyasikia yakianguka."

"Kulikuwa na mchoro wa pili. Amekaa nao tangu wiki ile walipobandika wa kwanza. Mafundi wako ndani yake. Mashine zimepangwa upande wa ukuta, njia ya watu upande wa nguzo, mtaro umefunikwa. Na mahali pa kina mama wa mboga pia. Alikuwa anakuja kuuonyesha leo."

"Sasa mbona hakuuonyesha?"

"Mama. Angeuonyesha namna gani, watu wakisema kujuana? Kampuni ingemfuta kazi kesho. Amesema ukibaki pale kwa veranda, hawezi kuufungua. Kila mtu atasema ameuchora kwa sababu yako."

Nekesa akaongeza, polepole, "Alikuwa ameuchora kabla hujasema chochote. Nilimwambia tu siku moja kwamba hapo ndipo karo yangu ilitoka."

Nimekaa na hayo maneno tangu hapo. Chai imepoa na nimeinywa hivyo hivyo.

Nina hasira na kijana wa simu, ingawa hakusema uongo. Nina hasira na mji ambao umeonewa kwa kujuana mpaka ukiletewa kitu kizuri unanusa kwanza ni cha nani. Yule mama wa Mabanga alidhani matope ndiyo aibu yetu. Matope yanaoshwa. Lakini leo ukumbi mzima ulikuwa tayari kuamini kwamba nimewauza, tena watu ninaowashonea, na hakuna hata mmoja alishangaa.

Na kwa nini washangae? Si mimi niliwaambia kalamu iko kwetu? Nilikuwa najisifu tu. Mama mwenye mtoto aliyefaulu anajisifu, hiyo si dhambi, hata kanisani tunafanya. Lakini wao walisikia kitu kingine. Walisikia kile wamesikia maisha yao yote kutoka kwa kila mtu mwenye jamaa ofisini. Mimi nilikuwa naimba furaha yangu na wao wanasikia ule wimbo wa siku zote.

Sitajitetea zaidi. Nimechoka.

Nilichoamua ni hiki, na bado nina hasira nikikiandika, msidhani nimekuwa mtakatifu. Kesho mashine yangu inatoka kwa veranda. Nitaitoa saa ya watu wengi, mkokoteni usimame hapo mbele ya duka la simu, kila mtu aone. Inakuja hapa sebuleni. Hapa hakuna mtu anapita isipokuwa kuku wa jirani. Wateja nitawapoteza, wengi, najua. Wengine watanitafuta, kwa sababu ukweli usemwe, kola kama yangu hawaipati kwa mwingine, hata Barasa anajua na ataapa hajui. Lakini Januari, msimu wa sare za shule, haitakuwa Januari niliyoizoea.

Jumatatu Mama Swaleh ndiye atasimama aseme. Yeye hana mkwe popote, wanawe wote ni wavulana na bado wanamsumbua. Nimempigia, nimemwambia. Akasema, "Ile nafasi yako sitaacha mtu akae." Nikamwambia akalishe mtu hapo, tena haraka, isionekane ni ya kungojewa. Tukagombana kidogo. Nadhani alikuwa analia, au mimi.

Watu wa Kitale mnaosoma hapa, Nekesa ananiambia mko wengi kuliko ninavyodhani, basi shuhudieni. Mimi sina tena sehemu kwa ile veranda. Ikipakwa rangi, sitakuwepo. Taa zikiwaka, nitazipita kama mtu mwingine yeyote anayekwenda sokoni.

Na wewe, baba wa mjukuu wangu. Najua si desturi, lakini hapa sikuoni wala hunioni, na wazee wakiniuliza nitawajibu mimi mwenyewe. Kunywa chai. Ulichora vizuri, na ulichora kwa ajili ya watu, kabla sijafungua huu mdomo wangu. Jumatatu rudi kwa ule ukumbi, ingia kwa mlango bila kuangalia kushoto wala kulia.

Hakuna mama mkwe pale. Fungua karatasi.